Nikimhudumia mtu kwa wajibu tu, bila kumpenda, je, huduma yangu ina thamani?

Muuguzi wa Uyole aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni muuguzi, ninaishi Uyole hapa Mbeya, na swali langu limetokana na mambo mawili yaliyonikuta katika juma moja: somo la maadili ninalolisoma jioni, na mgonjwa niliye naye nyumbani.

Mgonjwa huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alinilea huko Tukuyu tangu nilipofiwa na mama nikiwa na miaka tisa, na sitaficha kwamba ulimi wake ulikuwa mkali kuliko fimbo. Chakula sikukosa, ada ya shule alilipa, lakini neno jema kutoka kwake silikumbuki. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na kwa kuwa yeye hakujaliwa mtoto, nikamchukua. Ninamwogesha, ninampikia uji wa ulezi, na usiku ninaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza ili asipate vidonda vya mgandamizo. Wanaoijua baridi ya huku mwezi wa Julai wataelewa kutoka kitandani saa nane za usiku ni kitu gani. Nayafanya hayo yote bila kuruka hata usiku mmoja. Ila simpendi. Nimejichunguza, na upendo siuoni. Ninachokiona ni kwamba jambo hili linanipasa.

Majirani wakija kumjulia hali husema nina moyo wa pekee, nami huona haya kana kwamba nimeiba sifa ya mtu. Kaka yangu, ambaye yuko Dar es Salaam na hutuma fedha za dawa, alipokuja alinitazama siku mbili kisha akasema, "Mdogo wangu, hii unayofanya ni kazi tu, kama vile uko zamu. Shangazi anastahili moyo, hastahili zamu." Neno hilo lilinichoma. Siku chache baadaye, darasani, mhadhiri akatufundisha kwamba kwa mwanafalsafa Immanuel Kant tendo lenye thamani ya kimaadili ni lile linalotokana na wajibu na si lile linalotokana na mwelekeo wa moyo, na kwamba anayesaidia kwa sababu anafurahia kusaidia hastahili heshima ileile. Ikiwa ni hivyo, basi mimi nisiyempenda shangazi ninamzidi binamu yangu ambaye hutokwa na machozi kila akiingia chumbani mwake. Hilo nalo siliamini. Kaka anasema huduma yangu haina thamani kwa kuwa sina upendo. Kant, kama nilivyomwelewa, anasema ina thamani kwa kuwa sina upendo. Nahisi wote wawili wamenikosea, lakini siwezi kuonyesha kosa liko wapi. Naomba msaada wa wenye kujua.

Mwalimu wa Ipogolo alijibu:

Pole sana kwa kuuguza, dada yangu. Nimefundisha falsafa kwa miaka kadhaa hapa Iringa, na swali lako huulizwa na wanafunzi kila mwaka, ingawa wao huliuliza kwa ubishi na wewe umeliuliza kwa kuwa limekufika. Nianze kwa kumtetea mhadhiri wako, kisha nimpunguzie.

Ni kweli kwamba Kant aliandika hivyo. Katika kitabu chake kifupi cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa metafizikia ya maadili, anaanza kwa kudai kwamba hakuna kitu duniani, wala nje ya dunia, kinachoweza kuhesabiwa kuwa chema bila masharti isipokuwa utashi mwema, yaani nia ya kutaka lililo sahihi. Akili, ushujaa, mali, afya, vyote vyaweza kumfaa mwovu. Hata utulivu wa nafsi, anasema, humfanya mhalifu awe wa hatari zaidi. Kisha anatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku: tendo linalolingana na wajibu, na tendo linalotokana na wajibu. La kwanza laonekana kwa macho. La pili liko katika kanuni ambayo mtenda ameishika ndani yake. Katika kulionyesha hilo la pili anamleta mtu mwenye huruma ya asili, ambaye hufurahi kuona wengine wakifurahi. Tendo la mtu huyo, anasema, ni sahihi na linapendeza, linastahili sifa na kutiwa moyo, lakini halistahili heshima ile ya kimaadili. Halafu anatutaka tumfikirie mtu yuleyule akiwa amezongwa na majonzi yake mwenyewe, hana tena nafasi moyoni ya kuguswa na shida za watu, na bado anajikokota kutoka katika ukavu ule na kwenda kusaidia kwa sababu tu anaona ni wajibu. Hapo ndipo, kwa maneno ya Kant, tendo lake linapata kwa mara ya kwanza thamani halisi ya kimaadili.

Ukiyasoma hayo harakaharaka utadhani anausifu ukavu. Lakini tazama kwamba ni mtu yuleyule, na kwamba majonzi yaliletwa katika mfano ili tuone kitu ambacho mwanzoni hakikuonekana. Huku kwetu mkulima mwenye bustani ya bondeni inayopata maji kwa mifereji miwili, akitaka kujua kama mfereji wa juu unatosha peke yake wakati wa kiangazi, huuziba ule wa chini kwa siku kadhaa. Hauzibi kwa kuuchukia, wala haamini kwamba mboga hustawi zaidi kwa mfereji mmoja. Anataka tu kujua maji yanatoka wapi. Kant naye ameuziba mfereji wa huruma ili tuuone mfereji wa wajibu, kwa sababu vyote viwili vikitiririka pamoja huwezi kusema ni kipi kilicholowesha udongo.

Swali gumu zaidi ni kwa nini huruma pekee isitoshe. Mwanafalsafa wa Marekani, Barbara Herman, aliandika mwaka 1981 mfano ambao mimi huutumia darasani kuliko wa Kant mwenyewe. Unapita usiku nyuma ya jumba la makumbusho ya sanaa, unamwona mtu akihangaika na mzigo mzito kwenye mlango wa nyuma. Una huruma, unamwonea uchungu, unakimbia kumsaidia. Huruma yako ni ya kweli, lakini umemsaidia mwizi kubeba sanamu. Huruma haikukosea kama huruma. Ilimwona mtu aliyeelemewa na mzigo, ikaitika. Kilichokosekana ni macho ya kuuliza kama jambo lenyewe ni sahihi. Kwa hiyo huruma inapotuelekeza mahali pema, ni kama imebahatisha, na Kant hakutaka wema wa mtu uwe wa kubahatisha.

Herman anaongeza jambo ambalo nadhani ndilo litakalokufaa. Wajibu si lazima uwe ndio unaokusukuma kila unapoinuka. Yatosha uwe ndio ulioamua kwamba utainuka hata usiku ambao moyo hausukumi, na ndio unaokuzuia pale moyo unaposukuma vibaya. Mtu anaweza kumpenda mgonjwa wake, akamhudumia kwa furaha, na bado kanuni iliyomshika ikawa ni ya wajibu. Upendo hauondoi thamani hiyo. Kukosa upendo nako hakuileti. Kwa hiyo pale ulipoandika "kwa kuwa sina upendo", weka "ijapokuwa sina upendo", na utakuwa umemwelewa Kant vizuri kuliko wengi wanaomfundisha.

Kuhusu binamu yako, futa hesabu ya nani amemzidi nani. Katika sehemu ya pili ya kitabu hichohicho Kant anakiri kwamba hatuwezi kamwe kuthibitisha, hata kwa kujichunguza kwa ukali wote, kwamba tendo fulani lilitokana na wajibu mtupu, kwa kuwa nafsi yetu tunayoipenda huweza kujificha nyuma ya kila nia njema. Hilo halimhusu binamu yako peke yake.

Mchuuzi wa Viazi alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Mimi sikusoma hayo, lakini nimenunua na kuuza viazi mviringo kwa miaka kumi na minane, na hilo la mwisho limenigusa pabaya.

Mnaijua lumbesa. Gunia ambalo kisheria halipaswi kuzidi kilo 100 linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa na mabega, na mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, wala sikujiona mwizi, maana kila mtu sokoni alifanya hivyo. Ukaguzi wa vipimo ulipokazwa nikanunua mizani, na leo ninapima kila gunia. Wakulima wa Makete wananiita mwaminifu. Sasa naomba niulize: huo uaminifu ni wangu, au ni wa mizani? Niliacha lumbesa kwa kuogopa faini. Baadaye nikaona kwamba mkulima anayepimiwa vizuri hukuletea mzigo mwaka unaofuata, kwa hiyo nikaendelea kwa faida. Sipo mahali ambapo naweza kusema niliacha kwa sababu ilikuwa dhuluma, ingawa sasa najua ilikuwa dhuluma.

Kuna siku moja tu ninayoikumbuka. Bibi mmoja asiyejua kusoma mizani alileta viazi vyake jioni, tukiwa wawili tu, na lori lilikuwa limewasha injini. Nilimpimia sawasawa. Nikasema moyoni, hapa hakuna faini wala hakuna mteja wa kesho, maana bibi huyu alikuwa anahamia kwa mwanawe Songea. Lakini hata siku hiyo, nikiwa mkweli, nilijisikia vizuri sana nilipojiona nikimpimia. Kwa hiyo sijui.

Mwalimu wa Ipogolo alijibu:

Marahaba. Umesema hukusoma, lakini mfano wa kwanza wa Kant ni wako kabisa. Anamleta muuza duka asiyempandishia bei mteja asiye mzoefu, kiasi kwamba hata mtoto akitumwa ananunua kwa bei ileile ya mtu mzima. Watu wanahudumiwa kwa uaminifu, lakini Kant anasema hilo halitoshi kutufanya tuamini kwamba muuza duka ametenda kutokana na wajibu, kwa maana faida yake ilidai afanye hivyo. Angalia kwamba hamhukumu. Anasema tu kwamba kwa kutazama hatuwezi kujua.

Kujisikia vizuri siku ile na bibi hakukuharibii chochote. Kuna tofauti kati ya kutenda ili ujisikie vizuri na kujisikia vizuri kwa kuwa umetenda. Kant mwenyewe ana hisia moja anayoikubali ndani ya wajibu, nayo ni heshima kwa sheria ya maadili. Neno lake la Kijerumani ni Achtung, neno lilelile ambalo Wajerumani huliandika kwenye vibao vya tahadhari. Ni hisia, lakini haikutoka nje kama njaa au woga wa faini; imezaliwa na akili yenyewe inapotambua kwamba kuna jambo linalomfunga mtu bila kujali anachokitaka. Kama uliposimama na yule bibi kitu fulani kilikusimamisha kabla hujafikiria sura yako mwenyewe, hicho ndicho anachokizungumzia. Kama hukumbuki, basi uko pamoja nasi wote.

Mama wa Mafinga alijibu:

Naongeza neno moja la lugha, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na naona mjadala huu umelipita neno muhimu. Muuguzi ameandika "linanipasa". Hakuandika "imenibidi". Sidhani alichagua, lakini lugha ilimchagulia vyema. Ninaposema imenibidi niamke, nasema hali imenifunga: mvua imenyesha, mgeni amefika, sina namna. Ninaposema imenipasa niamke, ningeweza kabisa kuendelea kulala, hakuna aliyenishika mkono, na bado naona kwamba kulala kusingekuwa sawa. Lililombidi mtu huondoka hali ikibadilika, ila lililompasa hubaki naye. Kaka yake anapoona "zamu" anaona la kwanza. Mwenyewe ameeleza la pili. Huenda wote wawili wanatumia neno wajibu na kila mmoja anamaanisha lake.

Ingawa nikiri pia kwamba tunalitumia neno hili la kupasa hata kwa mila zisizo na uzito wowote wa maadili, kama vile nani atangulie kunawa. Kwa hiyo si kila linalosemwa kupasa linapasa.

Binti wa Rungwe alijibu:

Namheshimu Mwalimu, lakini nadhani amemponyesha Kant upesi mno, na aliyelala kitandani amesahauliwa. Tumeongea kuhusu thamani ya tendo la muuguzi kana kwamba tendo hilo ni la kwake peke yake. Shangazi naye anapokea kitu. Anapokea nini?

Mwanafalsafa Michael Stocker aliandika mwaka 1976 kuhusu mtu aliyelazwa hospitali, amechoka na kukata tamaa, na rafiki anakuja kumtembelea. Mgonjwa anafurahi mno, anamshukuru, na rafiki anasisitiza kwamba amekuja tu kwa sababu aliona ni wajibu wake. Mwanzoni mgonjwa anadhani ni unyenyekevu. Wakiendelea kuzungumza anagundua kwamba ni kweli tupu: hakuja kwa ajili yake, alikuja kwa ajili ya wajibu. Furaha inazimika. Mnaweza kunieleza mifereji miwili usiku kucha, lakini mgonjwa yule ameumia, na hajaumia kwa ujinga.

Pia sisi huku tumekulia kanisani, Wamoravian kwa Walutheri, na tunasomewa barua ya pili kwa Wakorintho kila mwaka wakati wa mavuno: "si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Kwa andiko hilo kaka yake ana hoja. Ninyi mmemtetea dada kiasi kwamba kaka ameonekana mtu asiye na akili, na mimi sidhani hivyo. Aliona shangazi akigeuzwa na mikono iliyokamilika kazi, akakosa kitu fulani, akakitaja kwa neno baya.

Mwanafunzi wa Sheria alijibu:

Kwa ufupi, kuhusu kaka. W. D. Ross, mwanafalsafa wa Uskoti aliyeandika mwaka 1930, alishikilia kwamba wajibu ni wa kutenda tendo fulani na kamwe hauwi wa kulitenda kwa msukumo fulani, kwa sababu rahisi: naweza kuamua sasa hivi kuinuka na kumgeuza mgonjwa, lakini siwezi kuamua sasa hivi kumpenda. Ikiwa mtu hawajibiki kwa lile asiloliweza, basi kumwambia dada "mpende" ni kumpa amri isiyotekelezeka, na kumlaumu kwa kutoitekeleza si haki. Ross hamaanishi kwamba msukumo hauna uzito. Kwake jambo la kufanya lililo sahihi na msukumo ulio mwema ni maswali mawili, na kaka ameyasuka kwenye mkeka mmoja.

Mwalimu wa Ipogolo alijibu:

Binti wa Rungwe, umenikamata mahali panapostahili, na sitajifanya kuwa nina jibu la kila ulichosema.

Malalamiko yako ni ya zamani kuliko Stocker. Mwaka 1796 mshairi Friedrich Schiller alimtania Kant kwa beti chache: mtu analalamika kwamba anawatumikia rafiki zake kwa furaha, na kwa hiyo anaogopa kuwa yeye si mwema, anajibiwa kwamba dawa ni moja tu, ajitahidi kuwadharau, kisha atende kwa karaha lile ambalo wajibu unamwamuru. Wanafunzi hucheka sana hapo, na wengi hawajui kwamba Schiller alikuwa amemkosoa Kant kwa upole zaidi mwaka 1793, na kwamba Kant alimjibu katika toleo la mwaka 1794 la kitabu chake kuhusu dini. Alisema kwamba tukiuliza wema una hali gani ya moyo, jibu ni moyo mchangamfu, na kwamba mtu anayetekeleza wajibu kwa unyonge na kununa huonyesha kwamba kwa siri anaichukia sheria anayoitii. Weka jibu hilo karibu na barua kwa Wakorintho, utaona kwamba si maadui kama tulivyodhani.

Kuhusu amri ya kumpenda jirani, na hata adui, Kant anaitaja mapema, katika kitabu kile cha 1785. Anasema upendo wa hisia hauwezi kuamriwa, jambo ambalo Ross atakubaliana naye baadaye. Kinachoamriwa ni upendo ulio katika utashi, ule unaotenda. Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo ambalo huachwa. Mwaka 1797, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliandika katika kitabu chake cha fadhila kwamba tuna wajibu, ingawa si wa moja kwa moja, wa kuilea huruma ndani yetu, na kwamba kwa ajili hiyo hatupaswi kukwepa mahali walipo maskini wasio na mahitaji ya lazima, wala kukimbia vyumba vya wagonjwa au magereza ya wadeni ili kuepa uchungu wa kuwaona. Na aliandika kwamba anayewatendea watu wema mara kwa mara, akaona nia yake ikifanikiwa, hatimaye huja kuwapenda kweli. Kwa mpangilio huo tendo hutangulia, na hisia hufuata kwa mwendo wake, pengine kwa kuchechemea.

Kwa hiyo nikimtazama dada yetu, aliye katika chumba cha mgonjwa kila baada ya saa mbili, siwezi kusema amefukuza upendo mlangoni. Amekaa mahali ambapo, kama upendo utakuja, utamkuta. Na kama hautakuja, shangazi hatakuwa na vidonda.

Hilo la mgonjwa wa Stocker, hata hivyo, nakuachia ushindi. Kuna vitu ambavyo rafiki anastahili kupewa na ambavyo wajibu peke yake haununui. Ninachobisha ni kimoja tu, kwamba shangazi na muuguzi si marafiki waliokutana ukubwani wakapendana. Kati yao kuna deni la malezi, na mtu anayelipa deni kama hilo mwaka mzima bila kupendwa wala kupenda amefanya jambo ambalo yule rafiki wa hospitali, aliyekuja mara moja, hakulifanya.

Binti wa Rungwe alijibu:

Nakubali tofauti hiyo, ila si yote. Deni la malezi halimfanyi mtu aache kutamani kupendwa. Pengine linamzidishia, kwa kuwa anajua alilea vipi.

Muuguzi wa Uyole alijibu:

Nawashukuru wote. Nimesoma usiku, kati ya kumgeuza na kumgeuza. "Ijapokuwa" badala ya "kwa kuwa" nimeiandika kwenye daftari. Kwa Mama wa Mafinga niseme kwamba sikuchagua neno, ni kweli, lakini baada ya kusoma nimelirudia kwa sauti na nimeona lilikuwa lenyewe. Mchuuzi, usijitese, mimi pia, majirani wanaposifu, kuna sehemu yangu inayosikiliza.

Maneno ya Binti wa Rungwe ndiyo yaliyonizuia kulala, kwa sababu kuna jambo sikuliandika mwanzoni. Shangazi hazungumzi vizuri, lakini juzi aliniuliza, kwa maneno yanayokatika, kama ninampenda au ninamhurumia tu. Nilijifanya sikusikia, nikaenda kuongeza maji ya moto kwenye chupa. Mwalimu, najua kwamba Kant alikataza uongo kwa ukali mno. Ataniuliza tena. Nifanye nini?

Mwalimu wa Ipogolo alijibu:

Nitakueleza kile ambacho Kant alimwambia mtu mmoja, nawe utapima. Mwaka 1791 mwanamke wa Austria, Maria von Herbert, alimwandikia Kant barua ya huzuni kubwa, kwa kuwa alikuwa amemficha mwanamume aliyempenda jambo la zamani, na alipolisema hatimaye, mapenzi ya yule bwana yakapoa. Kant alimjibu mwaka uliofuata, akitenganisha ukimya na uongo. Kutosema yote yaliyo moyoni, aliandika, ni udhaifu wa kibinadamu ambao twaweza kuuvumilia, maana hakuna aliye wazi kabisa kwa mwenzake. Kusema lisilo kweli ni jambo la aina nyingine. Wapo wanaoiona barua ile kuwa baridi, na mimi ni mmoja wao, lakini tofauti yenyewe inasimama.

Kwa hiyo huna wajibu wa kumpa shangazi ripoti ya moyo wako. Una wajibu wa kutomdanganya. Kati ya hayo mawili pana nafasi, nami sidhani ni mahali pangu kukuambia uijaze kwa neno gani. Sikuwahi kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku.

Muuguzi wa Uyole alijibu:

Ameuliza tena jana, nilipokuwa nampaka mafuta mgongoni. Nilimwambia, "Shangazi, saa nane nitakuja kukugeuza." Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amelala, kisha akaniomba safari hii nimlaze akielekea dirishani.